Fisi wa Itasca

Mjomba wangu ni mtu wa Sengerema, amekulia kandokando ya Ziwa Victoria. Kwa hiyo alipokuja Minneapolis, Marekani, kututembelea msimu wa joto, na mke wangu akatoa wazo twende tukalale kwenye hifadhi ya jimbo ya Itasca, kwenye ziwa tulivu, alikubali kwa kutuonea huruma tu. Watu wa ziwani huwa hawashangazwi na maji ya wenzao.

Ni mwendo wa saa tatu na ushee kwenda kaskazini. Getini tukalipa dola 7 za gari, mbali na za kambi.

"Mjomba," akaniambia (tunaitana hivyo sote wawili), "kuingia ziwani mnalipa?"

Tukapewa na masharti. Chakula chote kilale ndani ya gari kwa sababu ya dubu. Kuni zinunuliwe hapohapo, kuokota msituni marufuku. Halafu kuanzia saa nne usiku hadi saa mbili asubuhi ni saa za kimya. Sharti la dubu alilipokea vizuri. La kuni lilimuuma. Alisimama chini ya misonobari, akayatazama matawi makavu yaliyotapakaa chini, akauliza hizo kuni za kununua zimetoka wapi. Nikamjibu, mtini. Hakunisemesha tena mpaka tulipomaliza kusimamisha mahema.

Ziwa lenyewe alilimaliza kwa neno moja. Itasca halifiki kilomita tano za mraba, Victoria linapita 68,000. "Mjomba, hili lambo."

Kilichomkosha ni mto. Mississippi unaanzia palepale: maji yanatoka ziwani, yanapita katikati ya mawe, magotini tu, na mtu unavuka kwa hatua chache. Pembeni kuna gogo limesimikwa, limeandikwa kwamba kutoka hapo hadi Ghuba ya Mexico mto unasafiri maili 2,552. Mjomba akapandisha suruali, akashika kandambili mkononi, akavuka, akarudi, akavuka tena, huku akijirekodi kwa ajili ya wenzake wa Sengerema: "Nimevuka Mississippi kwa miguu. Narudia. Kwa miguu."

Usiku mke wangu na watoto wakalala hema lao, mimi na Mjomba letu. Tatizo la kimya cha kule ni kwamba ni kimya kweli. Hakuna jenereta, hakuna mbwa wa jirani, hakuna baa. Mbu wapo, na hao ni walewale.

Kwenye saa sita hivi kitu kikalia ziwani. Mlio mrefu, wa mtu aliyefiwa. Kikanyamaza. Halafu kikacheka. Na ng'ambo ya pili kingine nacho kikaitikia, kikacheka vilevile.

"Mjomba, umelala?"

"Hapana."

"Fisi."

"Marekani hakuna fisi, Mjomba."

"Haya. Anayecheka ni nani?"

Sikuwa na jibu.

"Tena si fisi bure hawa. Wanaitikiana. Kwetu fisi wa namna hii huwa wanapandwa."

Wanaowapanda ni akina nani, hakutaja, na sikuuliza. Mimi nina shahada ya uhasibu, lakini uhasibu ulibaki mjini. Tukakubaliana kwa kunong'ona kwamba tukamalizie usiku ndani ya gari.

Zipu ikang'ata kitambaa. Mjomba akavuta juu, mimi nikavuta chini. Kicheko kikaja tena, safari hii karibu. Mjomba akapiga magoti ili apate nguvu, na rimoti ya gari, niliyompa aniwekee kwa sababu bukta yangu haina mfuko, ikabonyea kwenye kile kitufe chekundu.

Gari likapiga yowe. Honi, taa, honi, taa. Mjomba akaelewa kwamba fisi ameingia garini kufuata chakula. Hakusubiri zipu. Akatanguliza kichwa, vigingi vikang'oka, hema likaondoka na sisi ndani, likabingirika hadi kwenye meza ya majirani.

Tochi zikawaka kambi nzima. Watu waliosafiri mbali kutafuta utulivu walichokiona ni hema linalotembea lenyewe huku likisali Salamu Maria kwa Kisukuma.

Aliyezima honi ni mke wangu. Alitoka na ufunguo wa akiba, akabonyeza mara moja, akarudi kulala bila kusema neno. Hilo neno nilikuja kulipata nyumbani.

Askari wa hifadhi alipofika alitusikiliza hadi mwisho, akiuma midomo. Akaeleza kwamba yule ni luni, ndege wa majini, analia hivyo usiku, na ile sauti ya kucheka huitoa akiingiwa na hofu. Yaani muda wote ule, aliyekuwa anaogopa ni yeye.

Asubuhi tukamwona kutoka gatini: mkubwa kuliko bata, kichwa cheusi, madoa meupe mgongoni, macho mekundu. Akazama, akaja kuibukia mbali kabisa. Mjomba alimtazama kwa chuki ya waziwazi. Nikamwambia amheshimu, tangu 1961 huyo ndiye ndege rasmi wa jimbo.

"Wa jimbo?"

"Wa jimbo."

"Kumbe ndiye mbunge wao," akasema. "Ndiyo maana saa za kimya hazimhusu."