Mashine ikimkata kibarua, kwa nini tuulize kosa ni la nani?

Kibarua akikatwa vidole na mashine, mara nyingi hata hajafika hospitali watu wameshaanza kuuliza. Alikuwa ameshika wapi? Alivaa glavu? Nani alimwambia asogee pale? Kwa miaka mingi maswali hayo ndiyo yaliyokuwa kesi yenyewe mahakamani. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa majeraha ya kazini, ambayo wengi tunaiita WIBA, iliyaondoa. Kifungu cha 16 kinamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri wake kwa jeraha alilolipata kazini. Dai lake linapelekwa kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

Mawakili hawakulikubali hilo. Chama chao kilikwenda mahakamani, na mwaka 2009 Mahakama Kuu ikabatilisha vifungu kadhaa, cha 16 kikiwemo. Mahakama ya Rufani ikavirudisha vingi mwezi Novemba 2017, na tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikaafikiana nayo. Tangu hapo kilio ni kimoja: mnyonge amefungiwa mahakama. Nakisikia hata kwa wafanyakazi wenyewe, na ndicho kilichonifanya niandike, kwa maana naona sheria hii inalaumiwa kwa jambo lake jema na kusamehewa lile baya.

Hebu tukumbuke mahakama ilimdai nini mtu aliyeumia. Kuonyesha kovu hakukutosha. Alipaswa kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea: mashine haikuwa na kinga, au hakufundishwa, au hakupewa vifaa. Na angethibitisha kwa nani? Waliokuwepo ni wenzake wa zamu ile ile, ambao kesho asubuhi wanarudi kazini kwa mwajiri yule yule. Ukimwomba mtu mwenye watoto watatu shuleni asimame kizimbani aseme kinga ya mashine iliondolewa ili kazi iende haraka, unamwomba achague kati ya ukweli na unga wa jioni. Wako waliosimama, na nawaheshimu. Wengi waliogopa, wakakaa kimya. Kitabu cha mafunzo, rekodi ya matengenezo ya mashine, orodha ya waliogawiwa glavu, vyote viko ofisini kwa mshtakiwa. Mashine nayo huenda imeshatengenezwa kabla kesi haijatajwa mara ya kwanza.

Hata aliyeshinda hakutoka na chote. Wakili wa upande wa pili aliweza kusema kwamba mdai naye alichangia ajali, na hakimu akikubali, sehemu ya fidia inakatwa: asilimia ishirini, thelathini, wakati mwingine nusu. Mtu aliyekuwa kwenye saa ya kumi na moja ya zamu, macho mazito, anakatwa nusu kwa kuwa hakuangalia vizuri. Uchovu wake, ambao ni sehemu ya kazi yenyewe, unageuzwa kuwa kosa lake.

WIBA inauliza jambo moja: je, uliumia ukiwa kazini na kwa sababu ya kazi? Ukiwa mzembe kidogo, unalipwa. Hata aliyekosea kwa makusudi hanyimwi fidia iwapo ajali ilimwacha na ulemavu mkubwa au ilimuua. Makubaliano ya namna hii ni ya zamani. Ujerumani iliyaweka katika sheria mwaka 1884, Uingereza ikafuata 1897. Mfanyakazi anaacha nafasi ya kushinda fungu kubwa, mwajiri naye anaacha utetezi wa "alijitakia". Sioni mnyonge aliyeporwa hapo. Naona mtu aliyepunguziwa mzigo wa kuthibitisha jambo ambalo ushahidi wake wote ulikuwa mikononi mwa mwingine.

Lakini mawakili wana hoja nzito, na iko katika hesabu. Fidia ya ulemavu wa kudumu inatokana na mshahara wa miezi 96 ukizidishwa kwa asilimia ya ulemavu. Tuchukue mfano wa kijana wa miaka 22 anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi, na ulemavu uliokadiriwa asilimia 40. Atapata 576,000. Kwa mkupuo ni fedha nyingi, na ndugu watamzunguka. Sasa zigawe kwa miaka 38 iliyobaki hadi afike 60: hazifiki shilingi 1,300 kwa mwezi. Mzee wa miaka 58 mwenye mshahara na jeraha kama lake anapata 576,000 hizo hizo, naye amebakiza miaka miwili. Miezi 96 ni miaka minane. Kijana yule akifika thelathini, sheria ni kama imekwisha kumjua, ilhali ulemavu bado anao. Jaji angemtazama usoni, angeuliza umri wake na kazi anayoweza kuifanya sasa, na angeyathamini maumivu yake. Jedwali la WIBA, lile la asilimia za ulemavu, haliulizi lolote kati ya hayo.

Hili ndilo linalopaswa kurekebishwa, na kuufungua upya mlango wa kesi si dawa yake. Tanzania inatufaa kama mfano. Huko sheria ya kale iliweka ukomo wa shilingi 108,000 kwa ulemavu wa kudumu, kiasi kilichokuwa dhihaka kwa aliyeumia. Chini ya Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, waajiri wanachangia kwa pamoja, na ulemavu unaozidi asilimia 30 unalipwa pensheni ya kila mwezi. Pensheni inakwenda na umri bila jaji kuuliza: kijana ataipokea miaka mingi, mzee michache. Kenya tumemwacha kila mwajiri na bima yake. Asiye na bima, na wapo tele, anaweza kufunga karakana Ijumaa na Jumatatu asionekane.

Halafu kuna suala la taarifa, linalozungumzwa kidogo mno. Mwajiri ndiye anayepaswa kumwarifu Mkurugenzi ndani ya siku saba baada ya kuambiwa kuhusu ajali, na dai linapaswa kuwasilishwa ndani ya miezi 12. Kibarua aliyeokotwa getini asubuhi, asiye na barua ya kazi wala hati ya malipo, anategemea fomu ijazwe na mtu yule yule atakayedaiwa. Mwenzake wa zamu aliyeogopa kizimbani anaweza kumsaidia hapa: aandike siku, saa na jina la mashine, apige picha, na amsindikize hadi ofisi ya kazi ya kaunti kabla miezi hiyo haijapita.