Tundu Dogo Lisitufumbe Macho

Habari nyingi za upasuaji wa moyo siku hizi huanzia kwenye tundu. "Bila kufungua kifua," tunaambiwa, na mwenye mgonjwa anashusha pumzi. Hata mimi nafurahi. Kwa njia ya zamani, mfupa wa kidari hupasuliwa kwa msumeno toka juu hadi chini, kisha hufungwa kwa waya. Kuunga kwake huchukua wiki 6 hadi 12, na muda huo mgonjwa hanyanyui ndoo wala habebi mtoto. Kukohoa kwenyewe ni mtihani: hukumbatia mto kifuani kwanza.

Mwaka 2002, nchini Ufaransa, daktari Alain Cribier alipitisha katheta, yaani mrija mwembamba, kwenye mshipa wa paja na kuweka vali mpya (mlango unaoruhusu damu kupita upande mmoja tu) ya aota, mshipa mkuu utokao moyoni, ndani ya ile iliyokakamaa, moyo ukiendelea kudunda. Mgonjwa huyo alikuwa na hali mbaya kiasi kwamba wapasuaji walikataa kumpasua. Leo njia hiyo imewaokoa wazee wengi, na mara nyingi hurudi nyumbani baada ya siku chache. Kwenye mapafu nako kamera nyembamba hupita kati ya mbavu, mahali ambapo zamani mbavu zilitanuliwa kwa chuma na kuacha maumivu ya miezi.

Ninachopinga ni kuufanya udogo wa kovu kuwa kipimo cha tiba. Kovu liko nje. Mgonjwa ataishi na kilichowekwa ndani.

Vali ya kaboni, ile ambayo watu huiita ya chuma, hudumu miongo mingi. Lakini anayewekewa atameza wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, maisha yake yote na kupimwa damu mara kwa mara. Dozi ikipungua, damu huganda kwenye vali na kiharusi kinanyemelea. Ikizidi, anavuja damu. Vali ya tishu ya mnyama kwa kawaida haimfungi na dawa hiyo maisha yake yote, ila huchakaa, mara nyingi baada ya miaka 10 hadi 15, na kwa vijana mapema zaidi. Sasa, vali zinazopitishwa kwa katheta ni za tishu. Kwa mzee wa miaka 80 hilo si tatizo kubwa. Kijana wa miaka 30 anayekimbilia tundu dogo huenda anajiwekea miadi ya kurudi hospitali zaidi ya mara moja, na kila kurudi kuna hatari yake. Ana haki ya kuelezwa hayo mapema, kwa lugha anayoielewa, wala si asubuhi ya upasuaji huku akiwa ameshikishwa fomu na kalamu.

Kwa mwanamke anayetaka kuzaa baadaye, jambo hili ni zito zaidi. Wafarini inaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni, na mimba yenyewe huongeza hatari ya damu kuganda. Swali la kama anataka watoto linapaswa kuulizwa kabla vali haijachaguliwa.

Na kabla ya hilo kuna swali moja ambalo ningependa kila familia ilipeleke kwa daktari: je, vali ya mgonjwa mwenyewe haiwezi kukarabatiwa? Hasa ile ya mitrali, iliyo kati ya vyumba viwili vya kushoto vya moyo, mara nyingi inawezekana, na aliyekarabatiwa vizuri huenda asihitaji kabisa kuchagua kati ya kaboni na tishu, hata kama kifua chake kitabaki na mshono mrefu.