Ununuzi wa Louisiana: haraka ya Jefferson ilimtetea hadi wapi?

Wajumbe wa Marekani, Robert Livingston na James Monroe, walikuwa Paris kutafuta hasa bandari moja, New Orleans. Mazao ya wakulima wa Kentucky na Tennessee yalishuka na Mto Mississippi hadi hapo ndipo yapakiwe melini, na Oktoba 1802 ofisa wa Hispania, iliyokuwa bado inautawala mji huo, alikuwa amewanyima Wamarekani ruhusa ya kuweka mizigo yao. Aprili 1803 wajumbe hao wakauziwa na Ufaransa eneo zima lililoitwa Louisiana: zaidi ya kilomita za mraba milioni 2, kwa dola milioni 15. Nchi ikakaribia kuwa kubwa maradufu.

Kwa Rais Thomas Jefferson hiyo ilikuwa neema yenye mtihani ndani yake. Miaka yote alihubiri kwamba serikali kuu isijipe mamlaka ambayo katiba haikuitaja, na katiba haikusema popote kwamba serikali inaweza kununua nchi ya kigeni na kuiingiza kwenye muungano. Alilijua hilo vizuri. Agosti 1803 alimwandikia Seneta John Breckinridge kwamba kitendo hicho kilivuka mipaka ya katiba, na akaandaa rasimu ya marekebisho. Livingston alipoonya kuwa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, anaweza kubadili nia, rasimu ikawekwa kando. Oktoba 20 Seneti ikauidhinisha mkataba kwa kura 24 dhidi ya 7.

Wanaomtetea wana hoja nzito. Mkataba ulitoa miezi 6 tu ya kuuidhinisha, ilhali marekebisho ya katiba yalihitaji theluthi mbili ya kura katika mabunge yote mawili na kisha robo tatu ya majimbo. Napoleon naye aliuza kwa kubanwa: jeshi lake lilikuwa limeteketea Saint-Domingue, Haiti ya leo, kwa homa ya manjano na kwa mikono ya watu waliokataa kurudishwa utumwani. Hata Alexander Hamilton, hasimu mkubwa wa Jefferson, aliunga mkono ununuzi huo, na akakiri kwamba umetokana na ukakamavu wa watu hao weusi. Hapo nipo upande wa Jefferson. Nafasi kama ile haingesubiri.

Wafederalisti, chama kilichompinga Jefferson, wa New England, majimbo ya kaskazini-mashariki, walipinga kwa jina la katiba, ingawa wenzao ndio walioitafsiri kwa mapana walipoanzisha Benki ya Marekani mwaka 1791. Kilichowauma zaidi ni kura. Katika kugawa viti vya bunge, watumwa 5 walihesabiwa kama watu 3, kwa hiyo kila jimbo jipya la watumwa lingewazamisha. Ilikuwa hofu ya kujipendelea, lakini hesabu yake ilikuwa sahihi.

Hoja iliyonigusa kuliko hiyo ni ya John Quincy Adams. Aliunga mkono ununuzi, kisha akapinga wakazi wa Louisiana kutozwa kodi bila ridhaa yao. Na Waosage, wenyeji wa asili waliokuwa kwenye ardhi yao wenyewe, nani aliwauliza? Februari 1803, kabla hata ya mauzo, Jefferson alikuwa amemwandikia Gavana William Henry Harrison wa Indiana kwamba viongozi wa wenyeji wa asili waachwe wazame kwenye madeni ya maduka ya serikali, ili walipe kwa kuuza ardhi.

Mwanzoni mwa 1804 Seneti ilijadili namna ya kuitawala Louisiana. Seneta James Hillhouse wa Connecticut alipendekeza kwamba watumwa watu wazima watakaoingizwa huko kutoka majimbo mengine wasishikiliwe zaidi ya mwaka mmoja. Pendekezo likaangushwa. Ile haraka ya Oktoba haikuwepo tena: mkataba ulikuwa umeidhinishwa, bendera ya Marekani ilikuwa inapepea New Orleans tangu Desemba, na chama cha Jefferson kilikuwa na wingi wa viti katika mabunge yote mawili. Kwa uamuzi huo sioni cha kuwatetea. Mwaka 1812 sehemu ya kusini ya eneo hilo ikaingia kwenye muungano ikiwa jimbo la watumwa la Louisiana, na mwaka 1818 Missouri, sehemu nyingine ya eneo hilo, ikaomba kuingia kwa namna hiyohiyo.