Fomula za mwendo zisubiri tepe

Muulize mwanafunzi wa sekondari mchapuko (kiasi ambacho velositi, yaani kasi yenye mwelekeo, hubadilika kila sekunde) ni nini, atakuandikia v = u + at bila kusita: velositi ya mwisho ni ya mwanzo ukijumlisha mchapuko mara muda. Muulize tena: mpira uliorushwa wima juu una mchapuko gani ukifika kileleni? Wengi watajibu sifuri. Iliyo sifuri pale ni velositi, tena kwa kitambo kisichopimika. Mchapuko ni uleule 9.8 m/s² kuelekea chini tangu mpira ulipotoka mkononi. Nao ungekuwa sifuri, mpira ungebaki huko huko juu.

Kwa maoni yangu, mada hii ianze na vipimo, milinganyo ije baadaye. Milinganyo hiyo hufaa pale tu mchapuko usipobadilika, na sharti hilo hutajwa haraka ubaoni kisha likasahaulika. Daladala inayoondoka kituoni huku dereva akibadilisha gia haina mchapuko mmoja.

Tikataima, kifaa kinachogonga nukta kwenye tepe ya karatasi inayovutwa na kitu kinachosogea, inatosha kuanzia. Kwa umeme wa 50 Hz, hugonga tepe mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka nukta hadi nukta ni sekunde 0.02. Kosa la kwanza huwa hapo: wanafunzi huhesabu nukta badala ya nafasi zilizo kati yake. Sekunde 0.1 ni nafasi 5, yaani nukta 6. Nukta za mwanzo zilizorundikana ziachwe.

Tepe ikatwe vipande vya nafasi 5 kila kimoja. Tuseme kipande cha kwanza kina urefu wa sm 1.8, na cha sita sm 6.8. Kasi za wastani ni sm 18 na sm 68 kwa sekunde. Tofauti ni 50. Igawanywe kwa muda gani? Wengi hugawa kwa 0.6 kwa kuwa vipande ni sita. Lakini mchapuko usipobadilika, kasi ya wastani ya kipande ni kasi ya katikati ya muda wake, na kutoka katikati ya cha kwanza hadi katikati ya cha sita ni sekunde 0.5. Jibu ni sm 100/s², sawa na 1 m/s². Vibandikwe vipande kandokando kwa mpangilio, na grafu ya kasi dhidi ya muda itajichora yenyewe.

Tepe ikivutwa na uzito unaoanguka, jibu hutoka chini ya 9.8 kwa sababu ya msuguano kwenye kifaa. Kulichakachua ili lifike 9.8 ni kuua somo.

Pasipo tikataima, simu inayorekodi video ya fremu (picha) 30 kwa sekunde inafaa: kila fremu 3 ni sekunde 0.1. Gololi ikiachiliwa kando ya rula ya mita, itakuwa imeshuka karibu sm 4.9, kisha 19.6, kisha 44.1. Simu iwe mbali kiasi cha mita mbili, la sivyo rula itasomwa kwa mshazari na namba za juu na chini zitapotoka.