Albamu kwenye DVD: nani kawaambia sauti lazima ibanwe?

Sifa ya kwanza utakayopewa na wachomaji wa DVD hapa Tabora mjini ni wingi. "Humu kuna nyimbo mia tatu, mzee." Ukiuliza zinasikikaje, unaambiwa sabufa yako ndiyo mbovu. Mimi nasema sabufa haina kosa. Nyimbo zimebanwa, yaani faili limepunguzwa kwa kutupa sehemu ya sauti, hadi zimekwisha. Tena hata albamu tatu nne tu hubanwa bila sababu yoyote, wakati nafasi ya kuziweka zikiwa nzima ipo.

Najua kuna atakayecheka: DVD, zama hizi? Aende Sikonge, Uyui au Kaliua vijijini, kwenye nyumba yenye sola ndogo, deki na sabufa, ambako bando linakula salio la mkulima na si la kusikilizia muziki kutwa nzima. Aende pia kwenye kwaya zetu. Kwaya ikimaliza kurekodi, inataka kitu chenye kava na picha ya wanakwaya, kitu cha kuuzwa baada ya ibada. Flashi ni nzuri, ila flashi huazimwa, hufutwa, hujazwa filamu. DVD-R, ile diski ya kuchomwa mara moja, ikishachomwa na kufungwa isiongezwe kitu, hakuna wa kuipangua.

Basi kama tunaendelea kuchoma, tuchome kwa akili.

Deki ya DVD ina masharti yake, na haya hayakubuniwa Tabora. DVD ya kawaida, yaani DVD ya video, ile inayocheza kwenye deki yoyote, inataka sauti ya sampuli (vipimo vya sauti) 48,000 kwa sekunde, au 96,000 kwa wanaopenda makuu. CD ya muziki ina sampuli 44,100. Kwa hiyo faili lililotolewa kwenye CD haliingii kwenye DVD ya video kama lilivyo, lazima ligeuzwe kwanza. Miundo ambayo deki zote zinalazimika kuisoma ni miwili tu: PCM, yaani sauti isiyobanwa, na AC-3 ya Dolby Digital, ambayo imebanwa. MP2, muundo mwingine uliobanwa, ipo pia, na nchi za mfumo wa picha wa PAL kama yetu hazina shida nayo sana. DTS, muundo mwingine wa sauti, ni hiari ya mtengeneza deki. MP3 haimo kabisa kwenye masharti ya DVD ya video. Deki zinazosoma MP3 zinafanya hivyo kwa ukarimu wa kiwanda, ndiyo maana diski inayoimba kwako inakaa kimya kwa jirani.

Kuna pia DVD-Audio, iliyotengenezwa mahsusi kwa muziki na inayokubali hata zile sampuli 44,100 za CD. Kwenye karatasi ni tamu. Sijui nani hapa Isevya au Ng'ambo ana deki ya kuicheza, kwa hiyo tuiache.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana wachomaji wengi wanaogopa PCM wakidhani inakula diski nzima. PCM ya stereo, biti 16, sampuli 48,000, inatumia kilobiti 1,536 kwa sekunde. Saa moja ya muziki ni kama MB 690. DVD ya kawaida ina GB 4.7. Kwa sauti peke yake diski ingebeba zaidi ya saa sita na nusu! Ila DVD ya video inataka picha, na hapo ndipo nafasi inapoliwa kijinga. Mtu anaweka kava la albamu, picha moja isiyotikisika, halafu anaipa kilobiti 6,000 kwa sekunde kana kwamba ni fainali ya mpira. Picha tuli inatosheka na 1,000, hata chini ya hapo. Ukijumlisha na PCM unapata kama 2,500, na diski inabeba saa nne na dakika kadhaa. Hizo ni albamu nne za saa moja moja, sauti ikiwa nzima. Kwaya gani ina albamu nne?

Ukiwa na nyingi kuliko hizo, tumia AC-3 ya kilobiti 256 au zaidi, na diski itabeba saa nane hivi. Kubana huko nakuelewa. Nisichokielewa ni nyimbo kumi za kwaya kuchukuliwa kwenye MP3 ya kilobiti 64 iliyopita simu tatu, kisha kugeuzwa WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, kisha kuchomwa na kuitwa "orijino". Asali iliyokwisha kutiwa maji hairudi kuwa asali kwa kuhamishiwa kwenye ndoo kubwa. Faili litanenepa, matoazi yatabaki mchakacho uleule.

Wanaonigusa zaidi ni wazee wenye kaseti. Mji huu ni wa bendi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz, na kaseti za dansi la zamani bado zimo kwenye makabati. Anayezihamishia kwenye kompyuta namwomba jambo moja: kabla hajabonyeza kitufe cha kurekodi kwenye programu ya Audacity, abadili kiwango cha mradi kuwa 48,000, asikiache kwenye 44,100. Ukijua mwisho wa safari ni DVD, anza na sampuli za DVD, usigeuze chochote baadaye. Halafu asipandishe sauti hadi mistari iguse juu. Dansi la zamani linaanza taratibu, chemko linakuja baadaye, na kama mwanzo tu umejaza kipimo, gita la solo likiingia kwenye chemko litakatwa vichwa.

Suala jingine ni mpangilio. DVDStyler, programu ya kupanga DVD, ni ya bure na inatosha kabisa, ila wengi wanaweka kila wimbo kama taito yake, yaani sehemu inayojitegemea ya diski, na deki inasitasita kila inapovuka. Afadhali albamu nzima iwe taito moja, kila wimbo uwe sura ndani yake. Sura zinaruhusiwa hadi 99 kwa taito, kitufe cha kuruka mbele kwenye rimoti kinafanya kazi, na albamu inatiririka kama waimbaji walivyoipanga. Alama ya sura uiweke kwenye ukimya kati ya nyimbo, kwa sababu deki huruka hadi kwenye fremu kamili ya picha iliyo karibu, si kwenye nukta uliyoitaka.

Kwa anayeshikilia MP3 zake, sawa, achome diski ya data, lakini aandike 01, 02, 03. Akiandika 1, 2, 3, deki nyingi zitacheza wimbo wa 1, zifuate wa 10, ndipo zije kwenye wa 2. Mafaili ya M4A ya simu na sauti za Opus za WhatsApp asitegemee deki izitambue.

Kuchoma kwenyewe hakuna maneno mengi. DVD-R hupokelewa vizuri zaidi na deki kuukuu kuliko DVD-RW inayofutika, mwendo wa wastani, diski ifungwe mwishoni. Ijaribu kwenye deki kongwe kuliko zote mtaani, si kwenye kompyuta iliyoichoma, hiyo itaipenda tu. Na kazi ya mtu usiichome kuiuza bila ruhusa. Sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999, na COSOTA, chombo cha hakimiliki nchini, ipo kwa ajili hiyo.

Viongozi wa kwaya mnaolipia studio, hapa nawasema ninyi. Mkimaliza kurekodi msikubali kutumiwa nyimbo kwa WhatsApp na kuambiwa kazi imekwisha. Daini mafaili ya WAV ya sampuli 48,000, mliyalipia. Yawekeni kwenye diski ngumu mbili, moja kwa mwenyekiti na moja kwa katibu, na wasikae nyumba moja. Mchomaji akiwaambia WAV ni nzito mno kwa DVD, mfanyieni ile hesabu ya saa nne palepale juu ya kaunta yake.