Mfupa Umeungwa, Kinga Bado Imejeruhiwa

Majeruhi akitoka chumba cha upasuaji akiwa hai, ndugu hushusha pumzi, na wakati mwingine hata wahudumu hulegeza uangalizi. Naona hapo ndipo uangalizi unapopaswa kuongezwa, kwa sababu jeraha kubwa huvuruga kinga ya mwili mzima, na mvurugiko huo hautibiwi kwa kushona kidonda.

Seli za misuli zinapopondwa, vilivyomo ndani yake humwagika kwenye damu, zikiwemo mitokondria zinazozalisha nishati. Asili ya mitokondria ni bakteria wa kale, na DNA yake bado inafanana na ya bakteria. Kwa hiyo chembechembe nyeupe za damu zikikutana nayo hushambulia kana kwamba vijidudu vimeingia, hata kama ngozi haikuchanika. Ndiyo maana aliyevunjika paja anaweza kupata homa bila maambukizi yoyote, na mapafu ambayo hayakuguswa kabisa na ajali yakajaa maji.

Linalonitia hofu zaidi ni kwamba, wakati vurugu hiyo ikiendelea, uwezo wa kupambana na vijidudu halisi hushuka: limfosaiti, aina ya chembechembe nyeupe za damu, hupungua, na monosaiti, aina nyingine ya chembechembe hizo, hushindwa kuzionyesha seli nyingine adui aliyeingia. Zamani ilidhaniwa kuwa kinga huwaka kwanza, kisha ndipo hufifia, lakini utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa mambo hayo mawili huanza pamoja, na kwamba utendaji wa zaidi ya asilimia 80 ya jeni za chembechembe nyeupe hubadilika.

Kwa mtu aliye katika hali hiyo, mpira wa mkojo uliosahauliwa au mkono usionawa kabla ya kugusa dripu unaweza kuleta sepsisi, yaani hali ambapo mwili ukipambana na maambukizi huharibu viungo vyake wenyewe, nayo huua waliokwisha kuokolewa na kisu cha daktari. Mzee anaweza asipate hata homa. Akaanza tu kuchanganyikiwa na kupumua haraka, na watu wakadhani ni uchovu.

Aliyeondolewa bandama, kiungo kinachochuja bakteria kwenye damu, hubaki katika hatari hiyo maisha yake yote. Huyo asiruhusiwe kwenda nyumbani bila mpango wa chanjo, hasa ya pneumokoka, bakteria wanaosababisha nimonia, na maelezo ya maandishi kwamba kila homa itakayompata ni dharura ya kumfikisha hospitali siku hiyohiyo.