Kuasili mtoto kutoka nchi nyingine: kwa nini mtoto anapaswa kujulikana mwishoni

Safari nyingi za kuasili mtoto kutoka nchi nyingine huanza na picha. Mume na mke wanaiona sura ya mtoto aliye katika kituo cha mbali, mioyo yao inamkubali siku hiyohiyo, na tangu hapo kila fomu na kila muhuri huonekana kuwa ukuta kati yao na mwana wao. Nawaelewa, kwa sababu hamu ya kulea si jambo la kubeza. Hata hivyo, utaratibu wa kimataifa umepangwa kwa makusudi ili mtoto awe wa mwisho kujulikana, na naamini kwamba mpangilio huo wa hatua ndio unaoamua kama mtoto amepata familia au amenunuliwa.

Msingi wa utaratibu huo ni Mkataba wa uasili wa kimataifa uliopitishwa The Hague, Uholanzi, tarehe 29 Mei 1993, ambao sasa unafuatwa na nchi zaidi ya 100. Waombaji huanzia kwa mamlaka ya nchi wanamoishi, hata kama uraia wao ni wa nchi nyingine. Huko huchunguzwa afya, kipato, kumbukumbu za polisi, hali ya ndoa na sababu zinazowafanya watake mtoto. Wakiidhinishwa, taarifa yao hutumwa kwa mamlaka ya nchi ya mtoto, ambayo nayo ina wajibu wa kuthibitisha kwamba mtoto anaweza kuasiliwa kisheria, kwamba uwezekano wa kumpatia familia ndani ya nchi yake umezingatiwa ipasavyo, kwamba waliotoa ridhaa walielewa maana yake na hawakulipwa, na kwamba ridhaa ya mama, pale inapohitajika, ilitolewa baada ya kujifungua. Mamlaka zote mbili zinapokubaliana, na mtoto akahakikishiwa ruhusa ya kuingia na kuishi katika nchi anayokwenda, ndipo anapokabidhiwa. Kabla masharti ya msingi hayajatimia, waombaji hawaruhusiwi kuwasiliana na wazazi wa mtoto wala na mtu anayemtunza, isipokuwa wanapoasili mtoto wa ndugu yao au mamlaka inapoweka masharti ya mawasiliano hayo. Uasili uliothibitishwa kwa njia hii hutambuliwa na nchi nyingine zilizomo katika Mkataba bila kufungua kesi mpya.

Wanaolalamika wana hoja. Safari hii huchukua miaka, gharama za wakala, tafsiri, mawakili na nauli hurundikana, na mlango unaweza kufungwa katikati ya njia. Septemba 2013 Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ilisimamisha vibali vya kutoka nchini kwa watoto walioasiliwa, na baadhi yao, ambao mahakama zilikwisha kuwapa wazazi wapya, wakabaki wakisubiri kwa miaka. Katika hali kama hiyo anayeumia zaidi ni mtoto.

Lakini ugumu huo haukutokana na urasimu mtupu. Nchini Guatemala kazi hii iliachwa mikononi mwa mawakili binafsi, na kufikia 2007 zaidi ya watoto 4,000 walikuwa wakienda Marekani kwa mwaka mmoja; yalipofichuka madai ya watoto kununuliwa na hata kuibwa, serikali ikasimamisha maombi mapya. Mwaka huohuo wa 2007, wanachama wa shirika moja la Kifaransa walikamatwa nchini Chad wakijiandaa kuwasafirisha kwa ndege watoto 103 waliodaiwa kuwa yatima wa Darfur, jimbo la Sudan lililokuwa vitani, kumbe wengi wao walikuwa Wachad wenye wazazi. Pale ada anayolipa mgeni inapozidi mapato ya miaka kadhaa ya familia maskini, hutokea mtu wa kati wa kuwatafuta watoto, hata kama hakuna mtoto aliyekuwa akitafuta wazazi.

Kuna jambo la ndani zaidi, nalo ni maana ya ridhaa. Katika jamii nyingi mtoto hupelekwa kulelewa na shangazi, bibi au mfadhili wa masomo, na hakuna anayedhani kwamba kwa kufanya hivyo mama amekoma kuwa mama. Mtoto hukua, husoma, kisha hurudi. Uasili kamili unaoambatana na sheria za nchi nyingi zinazopokea watoto hufanya kinyume: hukata uhusiano wa kisheria na wazazi wa kwanza na kuandika jina jipya mahali pa jina la mama. Mzazi anayeweka dole gumba kwenye karatasi akidhani amempatia mwanawe ufadhili hajatoa ridhaa, hata kama kila muhuri uko mahali pake. Ndiyo maana neno yatima linahitaji kushikwa kwa uangalifu, kwa kuwa watoto wengi walio vituoni wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kilichowafikisha pale ni umaskini, ugonjwa au ulemavu.

Kutokana na hayo, baadhi ya nchi zimeamua kufunga mlango. Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2018 na China ikasitisha mwaka 2024. Marekani, iliyopokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004, ilipokea chini ya 1,300 mwaka 2023. Wapo wanaohesabu hilo kuwa ushindi. Mimi siwezi kushangilia kabla ya kujua watoto waliozuiwa wako wapi.

Sababu yangu ni utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 2000. Watoto 136 waliokuwa wakiishi vituoni waligawanywa kwa kura, wengine wakapelekwa katika familia za malezi, yaani zinazomlea mtoto bila kumwasili, na wengine wakaendelea na malezi ya kawaida ya vituo. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kwa akili na kwa uhusiano na watu, hasa waliohamishwa kabla ya kufikisha takriban miaka miwili. Zingatia kwamba familia hizo zilikuwa Romania kwenyewe. Utafiti huo unaunga mkono familia, popote ilipo, na unazihukumu pande zote mbili: anayekimbilia ng'ambo kabla ya kutafuta jirani, na anayemwacha mtoto kituoni kwa jina la utamaduni.

Hata maandiko ya sheria hayakubaliani kikamilifu. Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa 1990 unautaja uasili wa kimataifa kuwa njia ya mwisho, na maneno yake yanaweza kusomwa kana kwamba malezi yoyote yanayofaa nchini, pengine hata ya kituo, yatangulie. Mkataba wa The Hague unaangalia zaidi familia ya kudumu. Kwangu mimi kituo, hata kiwe kisafi namna gani, si familia, na kwa hiyo mlango ubaki wazi, ila uwe mwembamba.

Wembamba huo una maana kwa waombaji. Watoto wachanga wenye afya mara nyingi hupata familia nchini mwao. Wanaosubiri ni wakubwa kidogo, ndugu wasiopaswa kutenganishwa, na wenye ulemavu au ugonjwa. Anayetaka mtoto wa miezi mitatu na kuahidiwa kumpata haraka ana kila sababu ya kuuliza anatoka wapi, nani alimwachilia, na fedha zinamfikia nani. Jibu likikosekana, aondoke, hata kama moyo umekwisha kumpenda.

Uraia nao usichukuliwe kuwa unakuja wenyewe. Sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliwapa uraia walioasiliwa ambao hawajafikisha miaka 18, ikawaacha waliokwisha kuvuka umri huo, na baadhi yao wamefukuzwa kwenda nchi wasiyoijua lugha yake.

Kisha kuna jalada. Mkataba wa 1993 unazitaka nchi zihifadhi habari za asili ya mtoto, na umuhimu wake umeonekana Korea Kusini, ambayo katika miongo iliyofuata vita vya 1950 hadi 1953 ilipeleka nje zaidi ya watoto 140,000. Mwezi Machi 2025 tume ya ukweli ya nchi hiyo ilieleza jinsi kumbukumbu zilivyoghushiwa, watoto wenye wazazi wakaandikwa kuwa yatima. Baadhi yao ni watu wazima sasa, wamerudi kuuliza majina ya mama zao, na karatasi walizopewa hazina jibu.